Kaza Likiwa Chini

Bushi ya gari ni kitu kidogo unachoweza kukificha kwenye kiganja. Ina bomba la chuma kwa nje, bomba jembamba la chuma kwa ndani, na katikati yake mpira ulioshikana na vyuma vyote viwili. Kazi yake ni kuunganisha amu na gari bila kuviacha vyuma vigongane. Tairi likiingia kwenye shimo, amu inapanda. Mpira unajisokota kidogo, unameza mshtuko, kisha unarudi ulivyokuwa. Hautaki grisi, wala hauna taa kwenye dashibodi ya kukuambia kwamba umechoka. Unachoka kimya kimya: unakauka, unapata nyufa, unaachana na chuma, na siku moja gurudumu lililopaswa kutazama mbele linaanza kutazama linakotaka.

Gari lililonifanya nifikirie bushi ni Toyota Altezza ya kaka yangu. Watu wa rika langu hapa Dar wanaijua. Toyota walianza kuiuza Japani Oktoba 1998 wakaacha mwaka 2005. Nje ya Japani ndugu yake aliitwa Lexus IS. Ina injini ya lita 2 ambayo Yamaha walishiriki kuiunda, ikitoa hadi nguvu za farasi 210 na kuzipeleka zote kwenye magurudumu ya nyuma. Jina lenyewe ni la Kiitaliano, namna wanavyomwita mtu wa ukoo wa kifalme. Hii ya kaka ni namba C, rangi ya fedha, na kwa umri wake ingekuwa mtu ingeshapiga kura. Alitaka kuiuza.

Kwenye matuta nyuma ilikuwa inagonga, ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia unajivuta pembeni kidogo. Tairi za nyuma zilikuwa zimelika upande wa ndani tu. Haya yote niliyaona mimi niliyekaa kiti cha abiria. Kaka aliyeshika usukani alikuwa hayaoni. Hilo si uzembe wake. Mpira unapochoka kwa miaka mitatu, mikono ya dereva nayo inajifunza kwa miaka mitatu. Kila siku anarekebisha usukani kidogo zaidi ya jana, mpaka marekebisho yale yanakuwa ndiyo kuendesha kwenyewe. Anayelijua gari kuliko wote anakuwa wa mwisho kujua kwamba limeharibika. Nadhani ni hivyo hivyo kwa mambo mengi tunayoyazoea, na ndiyo maana sina imani sana na mtu anayesema dhamiri yake inamtosha. Dhamiri nayo ina mikono, nayo hujifunza kufidia.

Fundi wa gereji moja ya Ilala aliliinua gari, akaingiza mtaimbo kati ya amu na chesesi, akausukuma. Amu ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la pili. "Dada, hapa bushi hamna," akasema. "Kuna kumbukumbu ya bushi."

Kaka alikuwa na jibu tayari. "Mdogo wangu, gari nauza. Anayenunua atakuja na fundi wake. Fundi wake akiona, tutashusha bei. Asipoona, ni shauri lao."

Sentensi hiyo niliwahi kukutana nayo darasani, ikiwa imevaa nguo nyingine. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu ya tatu anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba. Watu wote wanadhani nyumba ni nzuri. Mwenye nyumba peke yake ndiye anayejua kwamba mbao zake ni mbovu na kwamba nyoka huonekana vyumbani. Je, akikaa kimya na kuiuza kwa bei kubwa, amekosa? Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema hakuna kosa: hakuna aliyemlazimisha mnunuzi, na kutokusema si sawa na kudanganya. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wake, anasema kumwacha mtu akimbilie hasara kwa sababu hajui unachokijua wewe ni kama kumwona mtu amepotea njia ukakataa kumwelekeza. Cicero mwenyewe anakuwa upande wa Antipater.

Sheria yetu, kwa sehemu kubwa, ingempa kaka nafasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imerithi mengi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inamlinda mnunuzi zaidi pale anaponunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, na ulinzi huo unapungua kama mnunuzi alikagua mali na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa ukaguzi. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja, kwa mnunuzi aliyekuja na fundi wake, hana mengi ya kuhofia. Ila kuwa salama mbele ya hakimu na kuwa sawa ni mambo mawili.

Kariakoo wengi wamekua na kipimo kingine, cha zamani kuliko sheria ya Waingereza. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume anapita sokoni, anaingiza mkono kwenye lundo la nafaka na vidole vyake vinakuta unyevu ndani. Mwenye mali anasema mvua iliinyeshea. Anaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione. Kinachonivutia ni kwamba mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa mvua. Hakuambiwa pia kwamba nafaka iliyolowa isiuzwe. Alilaumiwa kwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Bushi iko chini siku zote. Gari lenyewe limepangwa hivyo na kiwanda, rangi juu na mpira chini, kwa hiyo anayeliuza hahitaji hata kuficha. Kuficha kumeshafanyika kabla hajazaliwa. Kwa sababu hiyo, kwa vitu vya namna hii, kukaa kimya hakuwezi kuwa sawa na kutofanya kitu. Kimya kinaitumia kazi iliyofanywa na chuma.

Nilimwambia kaka hivyo, kwa maneno machache zaidi. Akanyamaza, akatoa simu, akaniambia, "Haya, twende Gerezani tukaulize bei."

Gerezani huingii peke yako. Hatua ya kwanza kutoka barabarani unakuwa tayari na winga pembeni yako, anakuuliza gari gani, mwaka gani, mbele au nyuma. Winga hana duka. Ana miguu na ulimi. Alituzungusha madukani na kwa nusu saa tukawa na bushi za aina tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya Toyota yenyewe, shilingi 85,000 kwa moja. Ya pili ilikuwa nakala kwenye boksi jeupe, 30,000. Ya tatu haikuwa na boksi kabisa. Ilikuwa imechongwa hapa hapa mjini kutokana na mpira wa tairi kuukuu, na mzee aliyekuwa akiichonga alitutajia 12,000. Tulihitaji sita.

Kulikuwa na ya nne, na hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo. Ilikuwa ndani ya boksi lenye nembo ya Toyota, imefungwa vizuri, kwa bei ya 55,000. Kaka aliishika, akaigeuza. Maandishi kwenye boksi yalikuwa yamechapwa kwa wino unaotoka ukisugua kwa kidole. Muuzaji akasema ni orijino kabisa, "bei ya asubuhi."

Tukilinganisha ile ya mzee na ile ya boksi, mwepesi wa kuhukumu atasema ya mzee ndiyo mbaya zaidi. Ni tairi, haijapimwa, na umbo lake linategemea kisu na jicho. Lakini mzee alipoulizwa itadumu muda gani alijibu bila kusita: "Kwa gari la kubebea mizigo ya karibu, miezi sita, saba. Hiyo yenu inakimbia sana, mimi nisingeweka." Alitupoteza kama wateja kwa sentensi moja. Bushi yake ilikuwa na jina lake halisi. Ile ya boksi inawezekana ilikuwa na mpira bora kuliko wa tairi, lakini ilikuwa na jina la mwingine. Nikaona kwamba unafuu na uongo ni vitu viwili ambavyo sokoni hukaa rafu moja, na tunakosea tunapovilaani kwa pumzi moja. Maskini anahitaji kitu cha bei ndogo. Hahitaji kudanganywa kuhusu alichonunua, kwa maana yeye ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote ya kulipia kosa.

Tunao msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe ni kweli. Kwa bushi si kweli hata kidogo. Kwenye kaunta bushi nzuri na bushi mbaya ni duara mbili nyeusi. Nzuri haiwezi kujiuza kwa sababu uzuri wake uko mbele, kwenye kilomita ya elfu ishirini, na mnunuzi amesimama hapa leo. Kinachouzwa kwa kweli ni neno la muuzaji. Kariakoo inalijua neno hilo kuliko mahali pengine popote nchini. Kuna watu wanachukua mzigo wa mamilioni kwa mali kauli, bila maandishi, wakauze ndipo warudishe hela. Mji huohuo unaoweza kumwamini mtu kwa mzigo mzima unashindwa kuaminiana kwa mpira wa shilingi 55,000. Tofauti, nadhani, ni kurudi. Mwenye mali kauli anajua mwenzake atarudi wiki ijayo na baada ya hapo. Mnunuzi wa bushi anaondoka na gari lake kwenda Mbeya.

Hapo nilidhani nimefika. Nikajiambia kwamba maadili ya spea ni kuita kitu kwa jina lake: chonga ukitaka, uza nakala ukitaka, mradi useme. Na kaka naye auze gari na bushi mbovu zake, mradi aseme. Lakini jawabu hilo linamsahau mtu mmoja ambaye hayupo dukani.

Altezza ikitoka Gerezani inaingia Barabara ya Msimbazi au ya Nyerere. Pembeni yake kuna bodaboda mwenye abiria, kuna msukuma mkokoteni, kuna mwanafunzi anayevuka. Dereva akikanyaga breki ghafla na mkia ukahama, nani kati yao aliambiwa? Kaka anaweza kumweleza mnunuzi kila kitu, wakakubaliana bei, wakapeana mikono, na mapatano yao yote yakawa ya kweli na ya hiari, na bado hatari ikaangukia mtu ambaye hakuwemo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Chanzo chake si mada yangu. Ninachokikumbuka ni kwamba miongoni mwa waliofunikwa walikuwemo watu waliokuja kununua na kuuza tu. Hakuna mteja anayeingia dukani akaomba kuonyeshwa msingi. Tunaishi mjini kwa kuegemea vitu vilivyofichika ambavyo watu wengine wamevikagua, au hawakuvikagua.

Kwa hiyo ukweli kwa mnunuzi ni wa lazima, ila hautoshi. Yapo mambo ambayo hata yakisemwa waziwazi hayaruhusiki, kwa kuwa anayeyalipia hakuulizwa.

Najua pingamizi lake, maana kaka alilitoa pale pale kaunta. Ukisema kila gari lazima liwe na bushi ya 85,000, nusu ya magari ya mji huu yatalala. Yakilala, kabichi hazifiki sokoni, mama hafiki kliniki, kijana hana kazi. Usalama wa namna hiyo ni maadili ya wenye hela. Pingamizi hili ni zito na sidhani linajibiwa kwa kupandisha sauti.

Jibu langu ni la mzee wa tairi, aliyelisema bila kujua nimelitafuta: "Hiyo yenu inakimbia sana." Wajibu unakua pamoja na uwezo wa kudhuru. Kirikuu kinachobeba kabichi kutoka Ilala hadi Buguruni kwa mwendo wa foleni kinaweza kuishi na bushi ya kuchonga, huku dereva akijua na kulikagua kila mwezi. Gari la nguvu za farasi 210 zinazopita nyuma haliwezi. Aliyechagua farasi 210 alichagua pia mpira wa kuwazuia. Hawezi kudai raha za gari la kifalme kisha akaomba huruma ya mkokoteni. Na hii si sheria ya wenye hela, kwa maana inaanza kuwabana wao kwanza.

Tulinunua orijino nne kwa amu za chini, ambazo ndizo zinazolishikilia zaidi gurudumu lielekee mbele, na nakala mbili za boksi jeupe kwa amu za juu. Ilikuwa laki nne. Ningependa kusema tulinunua zote sita bora, lakini hela haikuwepo, na fundi alisema mgawanyo huo unakubalika. Siamini kwamba maadili yanataka kilicho bora siku zote. Yanataka ujue umepunguza wapi, na kwa nini hapo.

Kazi yenyewe ilichukua siku. Bushi za zamani zilitolewa kwa presi, mpya zikaingizwa kwa presi hiyohiyo, fundi akiwa ameweka alama ya chaki kwenye bolti za kurekebishia ili gurudumu lisipotee mbali kabla ya alaimenti. Jioni amu zote zilikuwa zimerudi na bolti zimeingia. Nilidhani amemaliza. Yeye akaziacha bolti zikiwa zimelegea, akarudisha magurudumu, akalishusha gari, vijana wakalisukuma mpaka juu ya shimo la gereji. Wakalitingisha mara kadhaa, wakalivuta mbele na nyuma likae. Ndipo akashuka shimoni na spana ndefu, akaanza kukaza.

Nikamuuliza kwa nini asingekaza kule juu, kwenye nafasi na mwanga.

"Likiwa juu amu zinaning'inia," akasema kutoka chini. "Ukikaza pale umeushika mpira ukiwa umening'inia. Ukilishusha gari, mpira unasokotwa, unabaki umesokotwa siku zote hata gari limelala. Baada ya miezi mitatu umechanika. Kaza likiwa chini, na uzito wake."

Halafu akaongeza, "Na ukirudi hapa umechanika, utasema mmeuziwa feki. Na mimi nitakubali."

Hilo la mwisho nimelitafakari kuliko yote. Mahali penye bidhaa feki nyingi, fundi mzembe hana haja ya kuogopa. Kosa lake lina mtu wa kulibeba: muuzaji. Na muuzaji wa feki naye ana mtu wa kumbebea: fundi aliyekaza vibaya, au barabara, au dereva. Tunasema ghushi inamwibia mnunuzi, na ni kweli. Lakini inamwibia pia kila mwaminifu ushahidi wake. Fundi huyu akikaza sawasawa na bushi ikafa kwa sababu mpira ni mbovu, ataonekana sawa na yule aliyekaza vibaya. Hakuna mteja atakayewahi kujua tofauti. Kilichobaki kumfanya ashuke shimoni jioni, mgongo ukimuuma, ni kitu ambacho soko haliwezi kukilipa kwa sababu haliwezi kukiona. Nilimuuliza ni nini. Akaonekana hajaelewa swali. "Ndivyo inavyokazwa," akasema.

Katika semina zetu tungempa majina: huyu ni mtu wa wajibu, huyu ni wa fadhila. Mimi naona alikuwa anazungumzia bolti. Pengine ndivyo uaminifu unavyokuwa kwa mtu ambaye amekaa nao muda mrefu: unaacha kuwa uamuzi, kama vile kaka alivyoacha kuuona mkia unaohama. Mikono hujifunza kufidia ubovu, na mikono hiyohiyo inaweza kujifunza kukaza likiwa chini. Kinachotisha ni kwamba kujifunza huko, kwa kule na kwa huku, kunafanana sana.

Kaka aliliuza gari wiki tatu baadaye kwa kijana wa Tabata. Alimwonyesha risiti ya gereji na akamweleza kuhusu nakala mbili za juu. Kijana alisikiliza nusu, akauliza kama redio ina bluetooth. Laki nne haikurudi yote kwenye bei.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Jioni ile wakati fundi akiwa bado shimoni, alikuja mtu na kiroba, anayepita gereji moja baada ya nyingine akiuliza vyuma vya zamani. Aliziona bushi zetu sita chakavu kwenye karai. Akatoa elfu tatu. Bushi za zamani, nilikuja kuelewa, nyingine huoshwa kwa petroli, hupakwa rangi nyeusi, na hurudi kaunta. Kijana wa gereji aliinua macho kwetu: vitu ni vya kwenu, semeni. Elfu tatu ni chakula cha mchana. Kaka akamwambia azikate kwanza. Kijana akachukua msumeno wa chuma, akaanza na ya kwanza, na mwenye kiroba, badala ya kusubiri elfu zake za vyuma chakavu, akafunga kiroba chake na kuelekea gereji ya jirani.